Damu ya Vingunguti Iliyokataa Kushika

Nilitoka Temeke alfajiri nina hasira. Jana yake daktari wa maabara ya Kinondoni alimwambia rafiki yangu Shabani, "Seli zako za damu zinapita tu kwenye kioo kama abiria waliokosea stendi. Kesho saa nane zisiposhika, kazi sikupi. Kauze mitumba." Nani amwambie Shabani hivyo mie nipo? Damu nilileta mwenyewe. Nikajua mchinjaji aliyeniuzia katupiga changa la macho.

Saa moja, machinjioni Vingunguti. Nikaegesha baiskeli, nikamkuta mchinjaji ananoa kisu.

"Shikamoo mzee. Damu ya jana mbovu!"

"Marahaba. Mbovu? Ng'ombe mwenyewe hakulalamika."

"Umetia maji!"

"Kinga chupa yako, uone kama natia maji au natia kibao."

Nikakinga. Nikatia ule unga wa Shabani wa kuzuia damu isigande. Alisema kijiko kimoja. Lakini mama yangu muuza samaki, na samaki wa safari anaongezewaga chumvi. Jana nilitia viwili. Leo, kwa usalama, vitatu.

Buguruni jua likaanza kuuma. Nikapiga pedeli hadi Kinondoni, chupa kifuani kama mtoto mchanga.

Saa tano, maabara. Shabani akazichuja seli nyeupe, akazipitisha na maji ya chumvi kati ya vioo viwili, kwa mpira wa dripu. Nikachungulia kwenye hadubini. Zinateleza tu, hakuna hata moja inayoshika.

"Umetia kijiko kimoja?" akauliza.

"Vitatu. Njia ndefu, braza."

Akakaa chini. "Sio samaki huyo! Unga ule unakamata kalsiamu. Bila kalsiamu seli haina cha kushikia, maji yanaizoa."

Basi nikamshikia chupa. Akaziosha seli upya mara tatu, akatia matone ya kalsiamu kwenye maji. Saa nane daktari akainama kwenye hadubini. Seli zikapunguza mwendo, zikabiringika, zikaganda kwenye kioo. Maji yanapita, zenyewe zimeng'ang'ania, nyingine zinatambaa.

"Mbona jana zilikataa?"

Shabani akafungua mdomo anitetee. Nikamuwahi. "Ni mie, dokta. Nilizidisha unga. Yeye hana kosa."

Daktari akanitazama juu hadi chini. "Shabani, Jumatatu uanze. Wewe, ukigusa kijiko changu nakukata mkono."

Jioni, narudi Temeke, nikapitia tena Vingunguti. Nilikuwa nimejifunza seli inashikia nini, na nani aliyeinyang'anya.

"Mzee, nisamehe. Damu yako nzima."

"Mie nimekusamehe," akasema, anaosha kisu. "Kamwombe na ng'ombe."

Pale ukutani kilining'inia kichwa chake. Nikakiomba radhi.