Kuhusu Leonardi na Wimbo Aliopiga Harusini kwa Faith

Leonardi hakuwa amelewa siku ya harusi ya binti yangu, na hakuna aliyemfukuza ukumbini. Wanaosimulia sokoni Majengo kwamba nilimtoa kwa mgambo hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, meza ya mbele, na nililosema nililisema kwenye kipaza sauti, mbele ya watu mia mbili.

Leonardi alizaliwa Kasense. Mama yake alikuwa mjane aliyepika pombe ya ulezi. Alipokua alivuka mpaka akaenda Mbala, Zambia, akakaa huko miaka kumi na mmoja akipiga gitaa hotelini, na mzee mmoja mwenye santuri za Kimarekani akamfundisha swingi, muziki wa bendi zao kubwa. Aliporudi ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yamejaa redio kaseti, vijana wanataka disko. Akalima mahindi, na Jumapili mchana akampigia yeyote aliyetaka kusikia. Mume wangu, marehemu Isdori, alikuwa akienda. Wakiwa wawili tu alimwita "mdogo wangu." Mbele za watu alimwita Leonardi.

Baba mkwe wangu, Mzee Theodory, alikuwa katekista kwa miaka thelathini na minne. Nusu ya Wakatoliki wa Kasense yeye ndiye aliyewafundisha sala. Jina lake ndilo nililoachiwa kulitunza.

Wiki moja kabla ya harusi, mwaka 1992, Leonardi alikuja nyumbani kwangu.

"Shikamoo, shemeji."

"Mama Faith," nikamsahihisha.

"Mama Faith. Nataka nimpigie mtoto wimbo mmoja. Malipo sitaki. Ila kwenye utambulisho, baba wadogo wakiitwa, na mimi nisimame."

"Kupiga, utapiga."

"Na kusimama?"

"Tutaona."

Akanishukuru kama mtu aliyekwisha kubaliwa. Orodha ya utambulisho nilikuwa nimeshaimaliza, nimemkabidhi mshehereshaji.

Jumamosi alasiri ndugu zetu wakaitwa mmoja mmoja, wakasimama, wakapigiwa makofi. Leonardi alikuwa kando ya jukwaa, koti amelifunga vifungo vyote. Walipofikiwa baba wadogo alijiweka sawa. Wakaitwa watatu, kisha wakaanza kuitwa mashangazi.

"Sasa tupate muziki," mshehereshaji akasema.

Nitasema haki: sijapata kusikia mtu akipiga vile. Wimbo niliujua, sista aliyetufundisha muziki chuo cha ualimu alikuwa na santuri yake. Ile ilikuwa bendi ya watu kumi na watano. Huyu alikuwa peke yake, kidole gumba kikitembea kwenye nyuzi nene, mapigo manne manne, bila haraka, na vidole vingine vikiuchelewesha wimbo kidogo nyuma ya mapigo, kama mtu anayejua kwamba atasubiriwa. Mzunguko wa kwanza aliupiga ulivyo. Wa pili aliuacha wimbo akauzunguka kwa mbali, na bado ulijua uko wapi. Kufikia wa tatu wapishi walikuwa wametoka jikoni na miiko yao. Hata mguu wangu ulikuwa unagonga sakafu. Nikauzuia.

Mzee Yonas, baba wa bwana harusi, Msukuma mwenye malori, akachukua kipaza sauti.

"Mama Mwalimu! Ng'ombe wote wale nimeleta, halafu hiki mkanificha? Huyu ni nani kwenu? Mbona kidevu ni cha marehemu?"

Watu wakacheka. Leonardi aliacha mkono juu ya nyuzi, akanitazama. Kipaza sauti kikaletwa kwangu.

"Tumemkodi," nikasema.

"Aa! Basi wa kukodi hutunzwa!"

Mzee Yonas akapanda jukwaani, akalamba noti, akambandika kwenye paji la uso. Wakafuata wengine, foleni nzima, na vigelegele. Mwenye shughuli hawezi kubaki amekaa. Nami nikapanda. Paji lake lilikuwa na jasho. Noti yangu haikuhitaji kulambwa.

"Asante, Mama Faith," akasema. Alikuwa amefumba macho.

Mshehereshaji akamwamuru arudie wimbo. Akaurudia, noti zikiwa zimemjaa usoni. Safari hii kila sauti ilikuwa mahali pake na hakuna hata moja iliyochelewa. Cherehani ingeweza kupiga vile. Watu walishangilia kuliko mara ya kwanza. Sidhani kama kuna mwingine aliyesikia tofauti. Alipomaliza alizibandua noti moja moja, akaziacha juu ya kiti, akatoka kwa mlango wa nyuma. Sahani ya pilau nilimpelekea. Ilirudi imejaa.

Siku hizi anaishi Chala. Gitaa, nasikia, hana tena.

Faith ameniandikia mara mbili akiuliza mtu yule alikuwa nani kwa baba yake. Sikumjibu, na mwanangu nampenda. Wa sokoni msitegemee kwamba nitawajibu ninyi. Sisemi zaidi.