Kivuli Kilichobeba Ungo

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa hivi tumalizane, kwa sababu nikishaanza sitamngoja. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalitokea sebuleni mwangu, huku Kirolirwe, juu milimani Masisi, na mke wangu Vumilia, ambaye ndiye yaliyompata, yuko chumba cha pili ninapozungumza nawe. Ukibisha, chukua taa uende ukamtazame, kisha urudi tuendelee kubishana.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye shamba la pareto la mzungu mmoja, upande wa kukaushia maua. Aliporudi kwao aliniachia kamera yake kuukuu, ile ya sanduku, yenye tundu moja na kitufe kimoja. Basi nikashikwa na ugonjwa wa foto. Sikuwa fundi wa kulipwa, nilipiga kwa raha yangu tu: majirani, ng'ombe, akina mama wakitoka kanisani. Filimu nilizituma Goma kwa lori la pareto, zikarudi baada ya majuma mengi, na nyingi zilirudi giza tupu.

Kamera ile ilikuwa na njaa ya mwanga, niamini. Nikajifunza taratibu. Saa sita mchana usimpige mtu, macho yake yatatokea mashimo mawili. Mkalishe kando ya dirisha, umgeuze kidogo, nuru impate ubavuni. Jua likizidi, tundika kitambaa chepesi dirishani lipoe. Lakini huku Masisi jua lenyewe utalipata wapi, na ukungu unashuka saa unayotaka wenyewe? Ndiyo maana jioni niliwasha taa ya karabai upande mmoja wa kiti. Upande wa pili, ule unaobaki mweusi, nilikuwa na ujanja wangu. Nilichukua ungo mkubwa, au lungo kama tunavyosema huku, nikaupaka udongo mweupe niliouchimba kwenye kingo za kijito siku nilipokwenda Walikale kununua mawese. Ungo ule ukiushika kuelekea taa, unamrudishia mtu nuru laini usoni, hata mwenye makunyanzi anapendeza.

Mshika ungo alikuwa Vumilia. Jioni nyingi tulifanya majaribio sisi wawili, mlango wazi ili moshi wa jikoni utoke, yeye akiinua ungo juu ya kichwa, mimi nikimwambia ainamishe, apandishe, asogee. Alipenda kunitania.

"Benzangu wanapepeta muchele," alisema, "miye napepeta mwangaza. Sasa tutakula mwangaza?"

Nilicheka. Tulikuwa na raha, sikufichi, na raha ile ndiyo ninayoililia.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri. Ilipokaribia magharibi ikakatika, ukungu ukajaa uani hata zizi la jirani halikuonekana. Tulikuwa tumewasha karabai, Vumilia ana ungo mkononi, tukaona mwanamke amesimama mlangoni. Mgeni. Kijana bado, amefunga kitenge vizuri, kitambaa kichwani, nguo zake kavu kabisa. Ndiyo, kavu, na mvua ilikuwa imekatika punde tu! Mimi nililiona jambo hilo, lakini nani anamuuliza mgeni kwa nini hakulowa?

"Hodi, Papa. Hodi, Mama," alisema. "Nimeona mwangaza yenu toka kule chini. Munipige na miye foto. Mama yangu hana hata moya ya kunikumbuka."

Vumilia akamwonea huruma palepale. "Ingia, dada, kaa. Baridi iko mingi huko inje."

Akaketi kwenye kiti changu cha picha, mgongo kuelekea ukuta niliokuwa nimeupaka chokaa. Nikaanza kazi. Nikasogeza karabai kushoto, uso wake ukabaki umefifia. Nikaileta kulia, vilevile. Nikaiinua, nikaishusha, nikaisogeza karibu hata nikaogopa itamuunguza, na yeye hakupepesa macho. Nuru ilifika kwake ikapotelea hapohapo. Nikadhani karabai inataka pampu, nikaipiga pampu ikawaka hadi ikanguruma. Ndipo nikautazama ukuta nyuma yake.

Kivuli cha kiti kilikuwepo. Miguu yake ipo, mgongo wake upo, hata ufa wa ubao wa juu ulionekana. Kivuli cha mtu aliyekalia kiti hakikuwepo.

Umewahi kuogopa hadi meno yakawa baridi? Nilitaka kusema foto hazipigiki leo, njoo kesho. Sikuwahi. Mwanamke akageuka kwa mke wangu, akasema kwa upole sana:

"Mama, sogeza lungo karibu yangu."

Vumilia, ambaye ukuta hakuuona kwa sababu ungo ulimziba, akasogea na kuuinua. Nuru nyeupe ikamwangukia yule mgeni, na mara uso wake ukatokea wazi: mzuri, mchovu, wenye machozi. Kwa mwanga wa taa, kamera ile hutaka ukishike kitufe kwa muda mrefu huku mtu ametulia. Nakuapia sikukusudia kukigusa. Kidole changu kilibonyeza chenyewe, na kilipobonyeza hakikuachia. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, macho tu ndiyo yangu. Basi nikaona. Kivuli cha Vumilia kilikuwa sakafuni miguuni pake, mahali pake pa kawaida. Kikaanza kuteleza. Kilipita chini ya kiti, kikapanda ukutani taratibu, kikasimama nyuma ya mgeni, kikiwa na fundo la kitambaa cha Vumilia kichwani na mikono yake iliyoinua ungo. Nilimwita mke wangu kwa nguvu zangu zote, na sauti haikutoka hata ya kuamsha kuku.

Mgeni akainuka. "Aksanti, Mama," alisema. "Umenisaidia sana." Hakuniaga mimi. Akatoka kwenye ukungu, na kivuli kikamfuata kizingitini kimebeba ungo.

Kidole kikaachia. Nikaikwapua karabai nikamzungushia Vumilia, mbele, nyuma, ubavuni.

"Papa, unafanya nini? Acha muchezo," alisema akicheka. Kisha akatazama chini. Akainua mguu, akautua, akauinua tena. Hakucheka tena. Aliketi sakafuni, ungo bado kifuani.

Asubuhi nilikimbilia kwa Papa Kibira, mzee wa Walikale aliyechochea moto pamoja nami kwenye nyumba ya kukaushia pareto. Hakunicheka. Aliuliza swali moja tu, udongo ule niliutoa wapi. Nilipomwambia, akaweka kuni chini.

"Kwetu, mutu akifiwa anajipaka iyo udongo ku uso, ili mwenye alikufa aone njia ya kupita," alisema. "Iyo njo taa ya wafu. Sasa weye uliwashaka taa yao kila magaribi, mulango wazi. Ule mwanamuke hakuiba, musimusemee mubaya. Mwenye alikufa hana kivuli. Amekuta mutu anamushikia taa, akaona na kivuli wamemuletea."

"Atarudisha?"

"Sijasikiaka mwenye alirudisha."

Nilikwenda kwa padri, akatuombea, akanyunyiza maji ya baraka kila pembe. Nilirudi Walikale kwa miguu, nikaurudisha udongo kijitoni, nikaita na kusihi kama mwendawazimu. Maji yalipita tu. Ungefanya nini zaidi? Niambie, maana mimi nimekwisha kufikiri.

Foto ilirudi kutoka Goma. Kiti kitupu. Ukutani, kivuli cha mke wangu kinainua ungo juu ya kichwa.

Sasa Vumilia hutoka kukiwa na ukungu, au saa sita kamili, jua likiwa utosini na vivuli vya watu wote vimejificha chini ya miguu yao. Saa ileile niliyokuwa nikiitukana ndiyo iliyobaki saa yake. Hukaa juani asipate joto. Jioni nafunga mlango, nawasha karabai, nampangia nuru zote ninazozijua, ya chini, ya juu, ya ubavuni. Ukuta unabaki mweupe. "Zima, Papa," huniambia, "mafuta inaisha."

Na kuna hili, ambalo sikumwambia yeye. Foto ninaificha darini. Mara ya kwanza kuiona, ungo ulikuwa juu ya kichwa. Mwaka uliofuata ulikuwa usawa wa kifua. Juzi niliitazama tena: mikono imeshuka hadi kiunoni, kama mtu aliyechoka kusimama. Na Vumilia wangu, aliyekuwa akibeba mtungi wa maji kutoka bondeni akiimba, jana alishindwa kuinua kikombe hadi mdomoni. Nilimnywesha mimi. Naogopa. Nakwambia wazi kwamba naogopa, na sina la kufanya.

Wewe piga foto zako, sikukatazi. Tumia dirisha, tumia shuka la pamba lililofuliwa kwa sabuni, udongo wa watu uache ulipo. Na mgeni akikuketia mbele ya taa, kabla hujagusa kitufe, tazama ukuta nyuma yake. Ukiuona mtupu, usihangaike na kamera wala na taa. Mkimbilie umpendaye, umwambie ashushe mikono upesi, akiwa bado anaweza kuiinua tena.