Maji ya Pampu ya Maftah

Mwalimu Mwanawetu hana subira na wapumbavu, na mmoja, ole wake, alimzaa mwenyewe. Amefundisha watoto wa Old Kampala kusoma Kurani tangu meno yake yote yakiwa kinywani. Anayekosea herufi humtazama tu, mtoto wa watu akatafuta pa kujificha. Lakini Maftah, mwanawe, dume lenye ndevu na kitambi, hamwogopi mtu.

Mwezi mzima Maftah alichagua pampu. Ya kisima? Wapi! Ya kompyuta ya michezo, eti inapata joto, lazima izungushiwe maji. Alizipanga mezani, palepale wanapolia chakula.

"Mama, hii ina nguvu ila inanguruma. Hii haisikiki. Hii ina tangi la kioo na taa."

"Haya, chagua, bwana harusi," alisema Mwanawetu.

Akachagua yenye taa. Angechagua nini kingine?

Pampu haitaki maji ya bomba, huacha chokaa ndani. Mama akamwelekeza: maji ya betri yanauzwa dukani kule chini. Maftah akabetua mdomo. Mashine yake si gari. Tena ateremke, halafu apande? Thubutu!

Kabatini kulikuwa na chupa ya Zamzam. Mwanawetu aliibeba mwenyewe kutoka Makka, akamwahidi mumewe, Mzee Rafiq, kwamba ndiyo atakayonyweshwa siku zake za mwisho. Sasa mzee yu kitandani, hali si hali, na alasiri moja akaomba, "Mama Maftah, yale maji yangu."

Mwanawetu akafungua kabati. Chupa tupu.

Akaenda chumbani kwa Maftah. Maji yanazunguka tangini, yametiwa rangi ya zambarau, taa zinawaka, na bwana mkubwa anapiga watu risasi kwenye skrini.

"Nilitaka maji safi, Mama," alisema bila kugeuka.

Banange! Mwanawetu akajaza kikombe maji ya bomba, akamtia mkononi. "Mpelekee baba yako. Mwambie kwa kinywa chako maji yake yako wapi."

Akamfuata hadi mlangoni. Maftah akainama kitandani.

"Zamzam, Baba."

Mzee akapiga bismillahi, akanywa kidogo kidogo, machozi yakamtoka kwa furaha. Akamwekea mwanawe mkono kichwani. "Mungu akuridhie, mwanangu. Umeniletea wewe."

Mwanawetu angemwambia mzee nini sasa? Matusi alikuwa nayo tele, ya Kiswahili na ya Kiganda. Akamtazama Maftah, akaona hastahili hata moja.