Vyuma Kinywani mwa Umuhoza

Uwimana hakuwa na neno na wifi yake mpaka siku alipozaliwa Umuhoza. Kabla ya hapo alimpenda. Kabagwira alikuwa dada mkubwa wa Usumani, mumewe, na ndiye aliyemtetea kwa ukoo mzima pale Usumani aliposema anataka kumuoa msichana kutoka milima ya Gitarama, asiyejua Kiswahili wala kusoma Fatiha. Lakini mtoto alipotolewa nje siku ya arobaini, Kabagwira, aliyekuwa amemzika mumewe bila kuzaa naye, alimpokea mikononi, akamtazama kwa muda, akasema, "Huyu ni wangu."

Watu walicheka. Uwimana naye alicheka, lakini kicheko kile kiliishia midomoni.

Kabagwira alikuwa akikata tiketi kwenye uwanja wa ndege wa Kanombe. Alivaa viatu vya kisigino na alikuwa na nyumba ya matofali Kicukiro, yenye friji. Kila Jumapili alikuja Kabeza, kwenye nyumba ya mdogo wake, pale Usumani alipoweka cherehani yake barazani na kushonea watu suruali na sare za shule. Hakuja mikono mitupu hata mara moja. Na alipokaa na Umuhoza walizungumza Kiswahili cha nyumbani kwao, kile walichoachiwa na babu yao aliyekuja na wafanyabiashara kutoka pwani, Kiswahili cha haraka chenye mizaha ndani yake. Uwimana alikuwa amejifunza lugha hiyo ukubwani. Ulimi wake ulichanganya r na l, na siku alipoita, "Umuhoza, njoo kura," mtoto alimgeukia shangazi yake akasema, "Mama anataka nikapige kura." Wawili wale walicheka mpaka wakashikana mabega. Uwimana alirudi jikoni akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Mtoto alipokuwa na miaka sita, Uwimana alimnunulia hereni sokoni Kicukiro, zenye jiwe jekundu. Hazikumaliza wiki. Masikio yalivimba, yakatoa maji, yakafanya magamba. Kabagwira alizitoa kwa mkono wake mwenyewe, na safari iliyofuata akaja na vipini viwili vidogo vya dhahabu. Masikio yakapona. "Mtoto wetu hapatani na vyuma vya bandia, wifi," alisema kwa upole. Upole wenyewe ndio uliouma, na hilo neno "wetu".

Basi ikafika mwaka wa tisini na mbili, Umuhoza akiwa na miaka kumi na moja. Chonge zake mbili zilikuwa zimeota juu ya meno mengine, kama watu waliokosa nafasi kwenye benchi, na meno ya mbele yalikuwa yamepandana. Shuleni walimpa jina. Alianza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, halafu akaacha kucheka kabisa mbele za watu.

Mama yake aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Lakini aliyelisema alikuwa Kabagwira, Jumapili moja, wakinywa chai.

"Yuko daktari wa meno mjini, anaitwa Hakizimana, amesomea ng'ambo. Anafunga vyuma vidogo kwenye meno, anavipitishia waya, meno yanasogea yenyewe polepole. Nimeshaongea naye. Nitalisimamia mimi jambo hili."

"Chuma?" Uwimana aliuliza. "Kikae kinywani mchana na usiku?"

"Kama miaka miwili hivi."

"Umesahau masikio yake?"

"Masikio yaliharibiwa na hereni za sokoni, wifi. Hiki ni chuma cha hospitali."

Usumani aliendelea kukanyaga cherehani yake kana kwamba hakusikia.

Juma lile Uwimana aliuliza kila aliyeweza kumuuliza. Jirani yake Mukandekezi, muuza makaa, alimwambia kwamba chuma mdomoni huvuta radi, na kwamba mvua za Machi mtoto asitoke nje. Mwanamke mwingine kisimani alisema kutu huingia kwenye damu. Uwimana hakuyaamini sana maneno hayo, lakini aliyabeba mpaka nyumbani, kama mtu anayeokota mawe bila kujua atamrushia nani.

Usumani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza, "Mama Umuhoza, shida ni chuma, au shida ni dada yangu?"

"Ni chuma."

Na ilikuwa kweli. Masikio yale yenye kutoa maji aliyaona kila alipofumba macho. Ila haikuwa kweli yote, na yeye mwenyewe alijua. Angetamani kumpeleka mwanawe kwa daktari kwa miguu yake, akae kwenye kile kiti cha kungojea, aitwe kwa jina la mama wa mtoto. Wakakubaliana kwamba kabla ya lolote Uwimana ataonana na daktari huyo na kumuuliza habari za chuma.

Hakuwahi. Habari zilikuja kwamba mama yake mzazi anaumwa sana, akaenda Gitarama. Njia zilikuwa na vizuizi vya askari tangu vita vianze kule kaskazini, na mtu hakuondoka na kurudi kama alivyotaka. Alimuuguza mama yake mpaka akaweza kukaa na kula mwenyewe, ndipo akarejea Kabeza.

Umuhoza alimkimbilia nje. Alikuwa akitabasamu, mdomo wazi, bila kiganja, na ndani ya mdomo ule mlimeta vyuma.

"Daktari alikuwa karibu kusafiri, Mama. Shangazi akasema tusipowahi tutangoja mpaka arudi. Baba akakubali. Hakuniumiza sana. Shangazi alinishika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho."

Uwimana alimkumbatia, akasema vyumba vimefagiliwa vizuri. Lile la kushikwa mkono ndilo lililomkaa rohoni. Alilitafuna kwa siku nyingi. Watoto wa Kabeza nzima walikuja kuona vyuma, na Umuhoza alifungua mdomo kwa fahari kama mwenye duka anayefungua mlango, na kila aliyeuliza aliambiwa, "Shangazi yangu ndiye aliyenipeleka." Mama yake alisimama nyuma ya pazia akihesabiwa kuwa hayupo.

Kisha, Jumanne moja, Umuhoza aliamka akijikuna pembe za mdomo. Kufikia jioni zilikuwa zimepasuka. Jumatano ufizi ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu kama nyama mbichi, umepanda juu ya vyuma, na vipele vimemtoka kidevuni. Uwimana alimwinua uso kwenye mwanga wa dirisha, akatazama. Na kitu kilimpanda kifuani ambacho hakukitarajia. Kilikuwa furaha. Nilisema mimi, aliwaza. Nilisema, hakuna aliyenisikia.

Alitakiwa kumfunika mtoto kitenge mabegani na kwenda mjini asubuhi ile ile. Badala yake alimpikia uji wa mtama, akaupoza, akamnywesha kwa kijiko.

"Tutakwenda kwa daktari?" Umuhoza aliuliza.

"Tumngoje shangazi yako Jumapili. Yeye ndiye anayemjua daktari."

Kwa Usumani, aliyekuwa akiingia ndani kila jioni akiwa amechoka na sare za shule zilizomkabili, alisema ni baridi tu, midomo imekauka. Na mtoto, aliyekuwa akiona haya, alilala mapema na shuka usoni. Alhamisi alikataa hata uji, akanywa maziwa mgando kidogo. Ijumaa alikaa kimya. Uwimana alimpaka mafuta, akampangusa, akamwimbia, akamtunza kama hajawahi kumtunza, na wakati huo huo alikuwa akipanga kichwani maneno atakayomwambia wifi yake, akiyachagua moja moja.

Jumapili Kabagwira alifika na kikapu cha mapera. Umuhoza alitoka chumbani. Kabagwira aliweka kikapu chini, akapiga magoti na viatu vyake vile, akaugeuza uso wa mtoto huku na huku.

"Tangu lini?"

Uwimana alifungua kinywa atoe yale maneno. Lakini Umuhoza ndiye aliyejibu, kwa sauti nzito ya mdomo uliovimba. "Tangu Jumanne. Mama alisema tukungoje wewe."

Cherehani ya Usumani ilisimama.

Kabagwira aliinua macho akamtazama wifi yake. Laiti angefoka, Uwimana angekuwa na la kujibu. Alikuwa nalo tayari, limenolewa. Macho yale hayakuwa na hasira bali mshangao, kama mtu aliyemkuta mwenzake mahali asipotegemea kumkuta. Uwimana aliona aibu. Alikwenda ndani, akachukua kitenge, akarudi akasema, "Twende sasa. Pengine nyumbani kwake tutampata."

Walimpata, maana alikuwa amerudi kutoka safarini mwanzoni mwa wiki ile. Daktari Hakizimana alikuwa mtu mfupi mwenye mikono laini. Alifungua kliniki yake siku ile ya mapumziko bila kunung'unika. Aliwasha taa, akatazama, akaguna.

"Nilipouliza kama kuna chuma chochote kilichowahi kumdhuru, niliambiwa hakuna," alisema.

"Mimi ndiye niliyesema," Kabagwira alijibu. "Nilifikiria zile hereni nilizompa mimi. Zile za mama yake sikuzihesabu kuwa chuma."

Uwimana alimtazama wifi yake kwa pembe ya jicho, na kwa mara ya kwanza siku ile akahisi kwamba hayuko peke yake kwenye lile kosa.

Daktari alivitoa vyuma kimoja kimoja. Safari hii Umuhoza alilia, na mkono wake wa kulia ulishikwa na huyu, wa kushoto na yule. Alipomaliza, daktari aliwaeleza. Habari za radi zilikuwa hadithi tu, wala hakuna kutu iliyoingia kwenye damu. Ila katika chuma kile, ingawa ni kizuri, mlikuwa na madini yanayoitwa nikeli, yale yale wanayochanganya kwenye hereni za bei rahisi. Watoto wengi huyavumilia kinywani bila shida, hata wengine ambao masikio yao huwashwa. Mwili wa huyu ulikataa.

"Basi abaki na meno yake," Uwimana alisema.

"Si lazima. Ziko njia nyingine. Ulaya kuna vifungo vya kaure, vyeupe kama jino, na nyaya zisizo na nikeli, lakini kuvipata hapa ni kazi. Ninachoweza kutengeneza mimi ni hiki." Aliwaonyesha kipande cha plastiki ya waridi kilichofuata umbo la kaakaa, chenye waya mwembamba mbele. "Waya huu nitauweka wa aina nyingine, usio na nikeli. Kinavaliwa, kinavuliwa wakati wa kula, kinaoshwa. Kinakwenda polepole, na hakitanyoosha kila kitu. Na hakifanyi kazi kikikaa mfukoni. Anatakiwa mtu mkali wa kumsimamia asubuhi, mchana na jioni. Nani analala naye nyumba moja?"

"Anaweza kuja kukaa kwangu," Kabagwira alisema haraka. "Nina nafasi, na shule haiko mbali."

Uwimana alisikia damu ikimpanda masikioni. Hilo ndilo lililokuwa chini ya yote tangu siku ya arobaini, na sasa limesemwa wazi, mbele ya mgeni. Tena siku ambayo yeye hana uso wa kubisha. Alimtazama mwanawe, midomo iliyopasuka, pamba kati ya meno. Hakutafuta maneno, yalikuja na r na l zake.

"Mimi ndiye ninayerara naye," alisema. "Nimekosa wiki hii. Sitakosa tena. Arare kwetu."

Hakuna aliyecheka. Umuhoza alisogea, akaegemea kiunoni mwa mama yake, pengine kwa uchovu tu. Kabagwira alishika mkoba wake akaufunga, ukafungika kwa mlio mdogo.

"Sawa," alisema. "Ni haki yako."

Ufizi ulipopona, kile kipande kikatengenezwa, na Uwimana akawa mkali kuliko askari wa kizuizini. Alimkagua mtoto kabla ya shule na baada ya shule. Alimtuma jirani kumchungulia kisimani. Meno yakaanza kusogea, kwa kiasi ambacho hakuna mgeni angekiona. Yeye alikiona.

Lakini Jumapili zikawa kimya. Kabagwira alikuja mara moja, akakaa kidogo, akasema ana kazi. Baadaye hakuja. Uwimana alikuwa ameshinda, na ushindi wenyewe ulikaa nyumbani kama mgeni asiyeongea. Usumani hakumlaumu, ila alishona akiwa ameinamisha kichwa. Umuhoza aliuliza habari za shangazi, kisha akaacha kuuliza, na lile la kuacha kuuliza ndilo lililomshinda mama yake. Mizaha ilikuwa imekwisha. Hakukuwa na mtu wa kumcheka alipokosea maneno.

Jumapili moja alimvalisha mtoto gauni la njano, wakashika njia ya Kicukiro kwa miguu. Kabagwira alifungua mlango akiwa amejifunga khanga, bila viatu, na kwa muda hakujua la kufanya na mikono yake.

"Tumekuja kula, wifi," Uwimana alisema. Alisema polepole, aipate ile l.

Waliandaliwa ndizi na maharage. Umuhoza alizungumza mfululizo, Kiswahili cha haraka, habari za shule zilizorundikana kwa miezi. Chakula kilipowekwa mezani alivua kile kipande kinywani, na bila kufikiri akamkabidhi shangazi yake.

Uwimana aliona. Moyo ulimchoma pale pale penye kidonda cha zamani, na alijua kwamba utamchoma tena Jumapili ijayo na ile itakayofuata. Kabagwira alikishika kile kipande kiganjani kama yai, akainuka kuelekea kwenye birika lililokuwa likitoa mvuke.

"Si kwa maji ya moto," Uwimana alimwambia. "Yanakipinda. Maji baridi, na mswaki laini."

"Sikujua," Kabagwira alisema. Akageuka, akachota maji ya mtungini, akaanza kukiosha, na Uwimana akasimama karibu yake kumwonyesha pembe zinazoshika uchafu.