Nilivyotoka na Kofia ya Meneja

Habari hii inanionyesha mjinga. Lakini bora niisimulie mwenyewe, maana wenzangu wa kiwandani wakiisimulia wanatia chumvi mpaka inakuwa chungu.

Miaka ile ya sabini nilikuwa nabeba mbao kwenye kiwanda kimoja pale Mpanda. Redioni walishasema wakubwa wasinyanyase wafanyakazi, na sisi tukaunda kamati yetu. Mimi nikachaguliwa kwa sababu ya mdomo. Shule ya msingi yenyewe nilimaliza kwa kuchungulia.

Haikupita wiki, meneja akamfukuza fundi wa msumeno, baba wa watoto sita. Kosa lake? Alimwambia, "Usiniite mbwa, nina jina." Basi tukazima mashine, tukakaa juu ya magogo ya mninga. Nani sasa aingie kusema hatuwashi mpaka fundi arudi?

"Aende huyu," wakasema. "Meneja mtani wake. Hata akimtukana hawezi kukasirika."

Kweli, kabila lake na langu ni watani tangu mababu. Nikaingia kifua mbele.

"Mtumwa wangu!" meneja akaruka kitini. "Nani kakufungulia kamba?"

"Mtumwa wewe! Babu yako tulimnunua kwa debe la karanga, tena zimeoza."

Alicheka mpaka akashika meza. Na mimi ukinichekea nimekwisha. Nikamsema pua, nikausema ugali wa kwao, nikamnyang'anya kofia kama utani unavyoruhusu.

"Chukua," akasema, "labda utakuta akili humo ndani."

Nikatoka nimeivaa. Watu wote wakasimama.

"Kasemaje?"

"Eti kichwa changu kama kibuyu!"

"Fundi je? Anarudi?"

Nikavua kofia polepole. Kumbe kule ndani habari ya fundi sikuitamka hata neno moja.

Mama mpika uji, naye mjumbe wa kamati, akafuta mikono kwenye kanga. "Kaa hapo, mchekeshaji." Akaingia na wajumbe wawili. Safari hii hatukusikia kicheko. Walipotoka, akasema fundi kesho yuko kazini, na ataitwa kwa jina lake.

Watu wakashangilia. Fundi akaja nilipojibanza, akanishika bega.

"Mdogo wangu," akasema, "siku nikifa uje uwachekeshe wafiwa. Ila kaburi wachimbe wengine."