Dhahabu ya Lusenge

Ukimwuliza Lusenge kwa nini hana mutu wa kuongea naye, atakwambia kazi yake haipendi kelele. Uongo mtupu. Tangu muke wake Eliane na batoto bakimbilie Kampala, kwa sababu ya vita vya upande wa Beni, mwalimu huyu wa kemia wa Butembo anasalimia hata mlango wa maabara.

Njia ya kubafuata ilikuwa moja. Maabara ya kule ilimwahidi kazi, mradi afike Ijumaa na chupa ya dhahabu yake, baone ikisafisha maji yenye rangi. Si dhahabu ya kuvaa, hapana. Ni punje ndogo kupita vumbi, zinaelea majini na kuyapa wekundu wa divai. Kila punje inaisukuma nyingine, na zikikaa mbalimbali hivyo zinafanya kazi. Zikishikana zinazama, basi, kwisha habari. Na chumvi ya dhahabu, ile anayopikia punje hizo, ilibaki ya kupika mara moja tu.

Asubuhi hiyo dada yake Kanyere alifika pale maabara toka Musienene na viazi. Akamukuta kaka amekonda. Lusenge alipotoka kutafuta mafuta ya jenereta, Kanyere alijifunga kitenge, akaosha chupa zote kwa majivu, vile kwao banaosha sufuria. Zikameremeta.

Lusenge akarudi. Chupa alikuwa ameshaziosha kwa asidi jana, donc hakuziangalia mara ya pili. Akachemsha ile chumvi ya dhahabu majini, akamimina dawa, rangi ikaja nyekundu, akacheka peke yake. Mara ikawa zambarau, kisha bluu, kisha vumbi jeusi likalala chini.

“Nani aliosha hizi chupa?”

“Ni miye, yaya,” Kanyere akamwambia kaka yake mukubwa. “Niliona hauna mutu wa kukusaidia.”

Majivu yana chumvi, na chumvi ndiyo inazikusanya punje. Maneno makali yalishafika mdomoni. Mais tangu lini mutu alimwoshea hata kikombe?

“Aksanti, Kanyere,” akasema, akaketi.

Dada alipoenda sokoni, Lusenge akamupigia Eliane simu.

“Imeharibika. Sitaweza kuya Ijumaa. Batoto utabaambia nini?”



“Usijisumbue,” Eliane akasema. “Batoto habaulizake tena.”