Kamera Iliyosinzia kwenye Usukani

Katika maisha yangu nimewahi kuwa maarufu mara moja tu, na watu walionifahamu hawakuuona uso wangu. Waliona tumbo.

Wakati ule nilikuwa motari, yaani mtu wa kubeba abiria kwa pikipiki hapa Lubumbashi, na nilikuwa na ndoto kubwa kuliko tangi langu la mafuta. Kwenye simu nilikuwa nimewaona vijana wa nchi za mbali wakiteremka milima kwa pikipiki, kamera ndogo imekaa juu ya kofia kama kinyonga, na dunia nzima inawatazama. Nikajiuliza, hawa wana nini ambacho mimi sina? Jibu lilikuwa refu sana, lakini mimi niliona kamera tu.

Niliipata kwa muuza mitumba mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Sakania na gunia la vitu vya kila namna. Ilikuwa ndogo kama kiberiti. Kioo chake cha nyuma kilikuwa kimepasuka, kwa hiyo huwezi kutazama unachokipiga. Inawasha taa nyekundu, basi, wewe unaamini. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kichina. Mimi shule niliiachia mwaka wa tatu wa sekondari, na Kichina hatukuwa tumekifikia.

Safari ya kwanza niliyoipiga ilikuwa ya Lukafu, nimembeba mama mmoja aliyekuwa anawahi shamba lake. Niligandisha kamera juu ya kofia kwa gundi ya viatu. Kofia yenyewe ilikuwa ya kaka yangu, ambaye kichwa chake ni cha mtu mwenye mipango. Kwangu ilizunguka. Kila shimo la njia liliisogeza kidogo, na mimi, macho mbele, sikujua kitu. Nilipofungua ile sinema nyumbani nikakuta mawingu, kisha mawingu mengine, kisha mkono wa yule mama ukila karanga kutoka Lubumbashi mpaka Lukafu. Anakula, anatupa maganda, anakula. Hata mimi nilipata njaa.

Mtu wa kwanza kunicheka alikuwa yaya. Kwetu yaya ni dada mkubwa, ila huyu si wa damu. Ni mwenye nyumba nilikopanga chumba, na kwa umri wake na heshima yake nilimwita yaya kama kila mtu pale uani. Alikuwa mtu wa Kivu ya Kaskazini, anauza maharagwe kwa jumla, magunia yanamfikia kwa malori ya ndugu zake wa kanisa. Kila asubuhi nilimpeleka kwenye depo yake, na njiani tuliimba nyimbo za ibada. Yeye aliimba vizuri. Mimi kwaya ilikuwa imeniomba kwa upole niwe ninapanga viti.

"Mudogo," aliniambia akijifuta machozi ya kicheko, "ile kamera yako iko na akili kukupita. Inaangalia Mungu, wewe unaangalia mashimo."

Hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho kwa muda mrefu. Ilikuwa miezi ile ambayo habari za mashariki zilikuwa zinatufikia moja baada ya nyingine, na hakuna iliyokuwa nzuri. Mji fulani umechukuliwa. Benki zimefungwa. Ndege haziendi tena. Hapa kwetu watu walinunua unga wa kuweka, treni kutoka Kasai zilishusha familia zikiwa na magodoro yao, na kila rond-point, yaani mzunguko wa barabara, ilikuwa na kizuizi. Kwenye kila benchi alikuwepo mtu mmoja anayejua kwa hakika kwamba baada ya wao ni sisi.

Mama yake yaya alikuwa amebaki peke yake kule milimani. Sisi uani tulimwita kambo, bibi yetu sote, ingawa hatujawahi kumwona. Wenye silaha walikuwa wanasogea upande wake. Njia ya kutokea ilikuwepo bado: kuvuka mpaka kwenda Uganda, kushuka Tanzania, Zambia, halafu kuingia kupitia mpaka wa Sakania katika lori la watu wa kanisa. Dereva alikuwa tayari. Kilichokosekana ni kambo mwenyewe. Alikataa.

"Kule kwenu udongo yote banaichimba kutafuta shaba," alisema kwenye simu, nasi tulisikia maana yaya alikuwa ameiweka kwa sauti. "Mimi nikuje kukaa juu ya shimo? Nitapanda nini? Mawe?"

"Mama, niko na shamba nyuma ya nyumba! Nilikutumia na picha!"

"Ulinitumia na ile nyumba pia."

Lazima niwaeleze habari ya ile nyumba. Watu wengi wanaofika hapa kutoka mbali wana desturi moja: Jumapili ya kwanza, wakiwa na nguo za kanisani, wanakwenda Golf, mtaa wa matajiri, wanachagua villa yenye geti zuri, wanasimama mbele yake na kupiga picha ya kutuma nyumbani. Hakuna anayesema ni yangu. Hakuna anayesema si yangu. Yaya alisimama mbele ya villa yenye nguzo nyeupe, na kambo akaiweka picha ukutani kwa miaka, mpaka siku mpwa wao alipofika kututembelea na kurudi na habari za choo cha uani. Tangu hapo kambo haamini picha. Angeona shamba, angesema umesimama mbele ya shamba la mtu.

"Basi nitaamini nini?" alisema siku ile. "Labda mutu atoke barabarani mpaka kwenye shamba na macho yangu ndani, bila kukata."

Yaya aliponigeukia nilikuwa nimeshakimbia chumbani kuchukua kamera.

Safari hii sikutaka kofia. Niliamua kuifunga kwenye usukani, na kama motari yeyote wa hapa, nilifunga kwa mpira wa tyubu kuukuu, uliokatwa vipande vyembamba kama kanda. Kwetu hakuna kitu kisichofungwa kwa huo mpira. Taa ya mbele, kiti, kuku, mlango wa friji, hata kandambili. Nikauzungusha mpaka kamera ikakaa wima kama askari mbele ya bendera. Nikarudi hatua nyuma, nikajipongeza kwa sauti. Kitu kimoja sikukifikiri: kuku hatetemeki saa nzima juu ya injini ya Kichina kuukuu, katika jua, na hata akilala njiani hakuna anayelalamika.

Tulipanga hivi. Mimi nianzie stesheni, nipite mjini, nipite depo ili kambo aone magunia, nifike nyumbani bila kukata. Yaya awe shambani analima. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Nikawasha taa nyekundu, nikamsalimia kambo kwa heshima zote, na kwa kuwa niliona aibu kukaa kimya mbele ya mtu mzima, nikaanza kuimba.

Kwenye rond-point polisi alininyooshea mkono.

"We! Kile ni nini pale mbele?"

"Kamera, chef," nilisema; huku kila mwenye sare ni chef, mkubwa.

"Unapiga nini?"

"Niko napiga njia, chef."

"Njia imekukosea nini?"

"Minapigia kambo mumoja, chef. Iko kule mashariki, anakataa kuja. Anasema Lubumbashi iko shimo tupu."

Alikuja karibu. Siku zile kamera ilikuwa jambo la kukupeleka ndani.

"Kambo yako?"

"Apana, ya yaya mwenye nyumba."

"Unatafuta kesi na mimi juu ya kambo ya mwenye nyumba?" Akainama mbele ya usukani. "Na sasa hivi inaniona?"

"Inakuona muzuri kabisa, chef."

Akasimama wima. Akavuta mkanda, akaweka kofia yake sawa, akakohoa. "Kambo," alisema kwa sauti ya redio, "huku kuko bulongo, kuko muzuri. Bantu biko natembea. Kuja tu. Lakini huyu kijana asikubebe bila kofia, nitamukamata." Halafu kwangu, kwa upole: "Umeniweka muzuri?"

"Kama waziri, chef."

Nilifika nyumbani nikiwa nimejaa kama puto. Yaya alikuwa shambani na jembe; nilizima injini, nikaielekeza pikipiki kwake, tukakaa hivyo kitambo, yeye analima, mimi nimetulia nikiona tayari jina langu katika nchi za mbali. Kisha mtandao, uliokuwa umepotea tangu asubuhi, ukarudi ghafla. Kila mtu wakati ule alijua kwamba ukirudi hauketi. Yaya akapiga kelele, "Tuma! Tuma kwanza, tutaangalia kisha!" Nikaiingiza kwenye simu, nikatuma. Ikaenda. Tukashikana mikono tukacheza pale kwenye matuta.

Ndipo tukaketi kuangalia.

Mwanzo ilikuwa nzuri. Stesheni, watu wa Kasai na magodoro yao, barabara. Halafu mpira ukaanza kulegea. Kamera ikainama kidogo kidogo, kama mzee kanisani wakati wa mahubiri marefu. Barabara ikapanda juu ikatoka. Likaja tangi. Halafu, kwa kuwa mpira ulijizungusha wenyewe kunifuata, likaja tumbo langu, ndani ya sweta yangu ya kijani yenye kifungo kimoja kilichokatika, na hapo kamera ikapata raha, ikalala usingizi wake wote. Mji mzima wa Lubumbashi ukapita, depo, magunia, miti, na kambo ameonyeshwa tumbo. Tumbo linaimba. Linapanda na kushuka pale penye sauti za juu. Kwenye rond-point likaja tumbo la pili, kubwa zaidi, lenye mkanda, na matumbo mawili yakazungumza mambo ya usalama. "Umeniweka muzuri?" tumbo likauliza. "Kama waziri," tumbo likajibu. Na shambani, mwisho kabisa, kifungo kilichokatika, kimetulia, na nyuma yake sauti ya jembe.

Sikuweza kumtazama yaya. Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniumiza. Alisema tu, "Lori linaondoka wiki hii," akaingia ndani. Nilijaribu kwenda kupiga tena, lakini mtandao ulikuwa umekwisha kufa, na kesho yake haukufufuka. Nilimbeba yaya kwenda depo na kurudi. Hatukuimba. Nilikuwa ninaiona kichwani mwangu ile milima nisiyoijua, na kambo ndani yake, na tumbo langu ndani ya simu yake likiwa neno la mwisho aliloambiwa na mji wetu.

Jibu liliingia tukiwa mezani, tunakula bukari, ugali wetu. Ilikuwa sauti. Mwanzo hatukuelewa, ilikuwa kelele tupu. Halafu tukatambua kwamba ni kicheko, cha watu wengi, wanawake, watoto, mtu anakohoa kwa kucheka. Katikati yake kambo anajaribu kusema na anashindwa.

"Mutoto wangu," alisema mwishoni. "Jirani bote biko hapa. Tumeangalia ile tumbo mpaka simu ikakufa moto. Mama pasta amesema turudilie pa polisi. Ni siku mingi hatukucheka." Akavuta pumzi. "Ule kijana anaimba mubaya! Nimesema, mahali mutu anaimba mubaya vile barabarani na polisi anamuacha, vita haiko."

Yaya alikuwa amefunika mdomo kwa mkono.

"Na kule mwisho," kambo akaendelea, sasa taratibu, "nimeweka simu ku masikio. Nimesikia jembe. Haikugonga jiwe. Hata mara moja. Inaingia, inatoka, inaingia. Kuna mutu alikuwa analima udongo ya kweli, na ni wewe, sababu unapumua kama baba yako. Ambia dereva anipitie."

Sikumbuki nani alianza kulia. Najua bukari ilipoa.

Safari ilikuwa ndefu na yaya hakulala vizuri mpaka lori lilipoingia. Tulimpokea kwenye uwanja wa malori. Alishuka mwanamke mdogo, mwembamba, amefunga kitenge juu ya makoti mawili, na mfuko wa mbegu mkononi ambao hakuruhusu mtu aushike. Walikumbatiana na mwanawe muda mrefu, madereva wakipita pembeni yao. Mimi nilikaa mbali na pikipiki yangu, nikitengeneza kofia isiyohitaji kutengenezwa.

Kambo alipomaliza kufuta macho alitazama motari wote waliojipanga pale, uso kwa uso, hakutulia kwa yeyote. Kisha akashusha macho. Akanyoosha kidole kwenye sweta ya kijani.

"Kile kifungo, mupaka leo haujakishona?"

"Bado, kambo."

"Shikamoo haiko? Tumbo ilinisalimia, wewe unashindwa?"

Nikamsalimia. Yaya alipanda pikipiki nyingine na mizigo. Kambo alinitaka mimi. Nilimvalisha kofia ya kaka yangu, ikamfika mabegani, na niliona aibu, lakini aliinua mbele kwa vidole viwili akasema anaona vya kutosha. Akakaa. Akazungusha mikono yake mbele, akalishika lile tumbo alilolifahamu kuliko kitu chochote katika mji huu, akalipigapiga mara mbili kama mtu anayejaribu gunia.

"Enda," alisema. "Na imba. Ila ukifika kwa polisi uniambie, nimusalimie na mimi."